Kuhamisha Nywele: Maandalizi Kabla ya Kumwona Daktari na Kabla ya Upasuaji

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni mji uliozungukwa na machimbo. Tangu dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa katika miaka ya 1920, watu wamekuja huku kutoka pande zote kutafuta riziki chini ya ardhi. Katika mji wa namna hii kichwa cha mtu kina kazi nyingi. Hubeba kofia ngumu ya mchimbaji, hubeba ndoo juu ya kata, huvaa helmeti ya bodaboda, na mwaka mzima hupigwa na jua la Bonde la Rukwa. Basi kijana wa miaka 24 akijitazama kwenye kioo cha kinyozi na kuona panja zimerudi nyuma kama za baba yake, kisha katika simu yake akakutana na tangazo la upasuaji wa kuhamisha nywele huko Uturuki, swali atakalomletea mwalimu wake wa zamani wa biolojia si la mzaha. Fedha anayo, maana mwezi uliopita mwamba ulimkubali. Je, aende?

Makala haya hayamwambii aende wala abaki. Yanaeleza mambo ambayo hana budi kuyajua na kuyatenda kabla hajamkalia daktari kitini, kwa sababu katika upasuaji huu makosa mengi hufanyika kabla kisu hakijagusa ngozi.

Kwanza tuutazame unywele wenyewe. Sehemu tunayoiona na kuichana ni kitu kilichokufa, ni protini ngumu iitwayo keratini, ndugu ya ukucha na kwato. Uhai umo chini ya ngozi, katika kifuko kidogo ambacho mwisho wake wa chini umevimba kama kitunguu na kulishwa na mishipa midogo ya damu. Kichwa cha binadamu kina nywele zipatazo 100,000. Kila kifuko hufanya kazi kwa zamu. Huotesha unywele kwa miaka miwili hata sita, kisha hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi, unywele ukaanguka, na kazi ikaanza upya. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hata 100 kwa siku si ugonjwa. Nywele hurefuka kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwezi, na jambo hili lina faida moja ambayo wakazi wa machimbo hawana budi kuijua: zebaki inayoingia mwilini huacha alama yake katika unywele unaoota wakati huo, hivi kwamba unywele wa sentimita 12 ni kama daftari la mwaka mmoja. Mwaka 1999 Masazumi Harada wa Japani na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa zebaki katika nywele za watu wa maeneo ya dhahabu ya Tanzania yaliyo karibu na Ziwa Viktoria.

Sasa upara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alichunguza wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe, akaona kwamba hawakuwa na upara wa kawaida wa wanaume. Walipopewa homoni ya kiume, baadhi yao, wale ambao upara ulikuwamo katika ukoo wao, walianza kunyonyoka. Kwa hiyo mambo mawili hukutana, urithi na homoni. Homoni iitwayo dihaidrotestosteroni huvidhoofisha vifuko vya panja na vya utosi. Kila zamu mpya huotesha unywele mwembamba na mfupi kuliko wa zamu iliyotangulia, mpaka unabaki unyoya usioonekana. Vifuko vya kisogo na vya juu ya masikio havijali sana homoni hiyo. Mzee mwenye upara kamili aghalabu hubaki na ukanda wa nywele unaozunguka kichwa kutoka sikio hata sikio.

Kichwa chenye upara, basi, hakina kitu cha ajabu ndani yake. Kina ngozi ileile, mfupa uleule, na vifuko vilevile vilivyosinyaa. Nalisema hili wazi kwa kuwa mwezi Juni mwaka 2017 polisi wa nchi jirani ya Msumbiji walilazimika kuwatahadharisha wanaume wenye upara baada ya watu kuuawa katika wilaya ya Milange, mkoa wa Zambezia, kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu tunajua inakotoka. Hutoka katika mwamba.

Tofauti ile ya kisogo na utosi ndiyo msingi wa upasuaji wote huu. Mwaka 1939 daktari Shoji Okuda wa Japani alieleza namna alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipanda katika makovu ya watu walioungua. Vita Kuu ya Pili ikaifunika kazi yake, na madaktari wa Magharibi hawakuifahamu kwa miaka mingi. Mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alichapisha majaribio yake. Alihamisha vipande vya kisogo akavipeleka penye upara, nywele zikaendelea kuota. Alihamisha vipande vya penye upara akavipeleka kisogoni, navyo vikabaki na upara. Kifuko, yaani, hufuata tabia ya kilikotoka, si ya kilikopelekwa. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi: je, kaka mwenye nywele nyingi anaweza kumgawia ndugu yake? Hawezi, kwa sababu ile ile inayomfanya mgonjwa aliyepewa figo ya mtu mwingine atumie dawa maisha yake yote: kinga ya mwili huitambua nyama ya kigeni na kuishambulia. Ni pacha wa kufanana tu wanaoweza kusaidiana bila ugomvi huo.

Kwa hiyo neno “kupandikiza” lisitudanganye. Hakuna mbegu mpya. Kinachofanyika ni kuhamisha miche kutoka shamba dogo kwenda shamba kubwa, na shamba lililotoa miche halioteshi mingine. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kisogo cha kijana wetu kina eneo la sentimita za mraba 150 linalofaa kuchumwa, na kila sentimita ya mraba ina vishada 60 vya nywele. Jumla ni vishada 9,000. Tukitaka kisogo kisibaki kama shamba lililoliwa na nzige, tuseme tuchukue theluthi moja, vishada 3,000. Eneo lenye upara likiwa sentimita za mraba 120, tutapata vishada 25 kwa kila sentimita, chini ya nusu ya hali ya asili. Nywele za kipilipili hufunika ngozi vizuri kuliko nywele zilizonyooka, na hiyo ni bahati yetu. Vishada 25 vinaweza kuridhisha jicho. Lakini upara ukiendelea mpaka sentimita 200, vishada vile vile 3,000 vingekuwa 15 tu kwa sentimita, na akiba imekwisha. Hii ndiyo sababu daktari mwangalifu husita kumpasua kijana ambaye hajafika miaka 25. Hajui bado mpaka wa upara utakuwa wapi. Akimjazia panja leo na upara ukaendelea nyuma yake, kijana atabaki na kishungi mbele na uwanja mtupu katikati, na hakuna tena miche ya kuuziba.

Upara au ugonjwa?

Kosa kubwa kuliko yote ni kuhamishia nywele katika ngozi inayougua. Nywele hunyonyoka kwa sababu nyingi. Mapunye ya watoto wa shule husababishwa na kuvu, na dawa yake ni vidonge vya kuua kuvu, kwani mafuta ya kupaka peke yake hayafiki ndani ya kifuko. Homa kali, kujifungua, njaa au huzuni kubwa huweza kuvilaza vifuko vingi kwa pamoja. Miezi miwili au mitatu baadaye nywele hutoka kwa mafumba, na mwenye nazo, akiwa amekwisha kusahau homa ile, huamini kwamba amelogwa. Nywele hizo hurudi zenyewe. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na kaswende navyo hunyonyoa kichwa, na vyote hupimwa hospitalini kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda Istanbul.

Wanawake wana shida yao. Nywele zikisukwa kwa kubanwa sana, hasa zikiwa zimewekwa dawa ya kunyoosha, pembe za paji la uso huanza kurudi nyuma. Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichapisha mwaka 2007 uchunguzi ulioonyesha uhusiano wa unyonyokaji huo na mitindo ya kusuka na kunyoosha. Mapema, dawa ni kuacha kubana, na nywele hurudi. Mvuto ukidumu miaka mingi, kifuko hufa na kovu hushika nafasi yake. Hapo upasuaji unaweza kusaidia, ila kwa sharti kwamba msuko wa kubana usirudi tena. Wasichana wengi wa shule zetu hukata nywele kwa kufuata sheria ya shule, nao hunung'unika. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya vifuko, lakini imeviokoa vingi.

Uko pia ugonjwa unaoanzia utosini kwa wanawake wa Kiafrika na kusambaa polepole kuelekea pembeni, ukiacha ngozi laini inayong'aa, isiyo na vitundu. Hapo moto wa ugonjwa bado unawaka chini ya ngozi. Vishada vikipandwa humo vitaungua pamoja na vingine. Ni lazima daktari wa ngozi auzime kwanza kwa dawa, na ahakikishe kwamba umetulia kwa muda mrefu, aghalabu mwaka mmoja au zaidi, ndipo mashauri ya upasuaji yafunguliwe.

Kwa wanaume hatari iko kisogoni, mahali pale pale panapochumwa miche. Wanaonyolewa karibu sana na ngozi, kila wiki, huweza kupata vipele vigumu vya kisogo ambavyo hukomaa na kuwa vinundu vya makovu. Unywele wetu umejikunja, na ukikatwa chini ya uso wa ngozi hurudi ndani kama ndoana. Mwenye vipele hivi asikimbilie kuhamisha nywele. Aanze kwa kumwambia kinyozi aache mashine isigandamize, kisha atafute tiba ya vipele.

La mwisho katika fungu hili ni makovu yanayovimba, ambayo wataalamu huyaita keloidi. Kuna watu ambao kidonda kidogo huwafunga kwa kovu linalokua kupita mpaka wa kidonda chenyewe, na ngozi nyeusi hupatwa na jambo hili zaidi. Msomaji anaweza kujichunguza bila chombo chochote. Ajitazame mahali alipotobolewa sikio, alipochanjwa begani, alipochanjwa chale, alipoumwa na jiwe la machimboni kifuani au mgongoni. Na awatazame ndugu zake wa damu. Akiona kovu lililonenepa kuliko jeraha lililolizaa, hilo liwe neno la kwanza kumwambia daktari. Kulificha ni kujiandalia kisogo chenye uvimbe wa maisha.

Siku ya mashauri

Mtu aende na nywele zake kama zilivyo. Asinyoe, asisuke, asipake rangi nyeusi ya kinyozi, wala asijipake mafuta mazito. Daktari anataka kuona ngozi na kuhesabu vishada kwa lenzi. Achukue picha zake za miaka iliyopita, hata ya kitambulisho, maana picha ndiyo shahidi wa mwendo wa upara. Achunguze vichwa vya baba, babu na wajomba, kwani urithi huu hupita pande zote mbili, ingawa kijiweni husemwa kwamba ni wa upande wa mama tu. Aandike katika karatasi dawa zote anazotumia, pamoja na miti shamba na zile chupa za kuotesha nywele zinazouzwa minadani bila jina la mtengenezaji. Mchimbaji aseme pia kama huchoma zebaki. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na daktari anayetaka kukutia ganzi kwa saa sita anapaswa kujua hali ya figo zako.

Yafaa naye aulize. Je, daktari huyu amesajiliwa na Baraza la Madaktari? Amewahi kuhamisha nywele za kipilipili, na picha za wagonjwa hao ziko wapi? Nani hasa atakayechoma na kuchimba, yeye au msaidizi? Swali hili la mwisho si la kumvunjia heshima. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa nywele, kilichoanzishwa mwaka 1993, kimetoa maonyo ya mara kwa mara juu ya nyumba za upasuaji ambamo watu wasio madaktari hufanya kazi yote huku jina la daktari likining'inia mlangoni.

Aulize vilevile juu ya dawa. Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, na tangu mwaka 1988 imeruhusiwa Marekani kwa kupaka kichwani. Finasteridi ya kutibu upara iliruhusiwa huko mwaka 1997. Huzuia homoni niliyoitaja, inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya wanaume, na ni mwiko kwa mama mjamzito. Zote mbili hufanya kazi kadiri zinavyotumiwa. Anayehamisha nywele bila kuzilinda zilizobaki anaweza kurudi baada ya miaka michache akiwa na visiwa vya nywele katikati ya bahari.

Kwa mkazi wa Mkwajuni njia ya busara huanzia hospitali ya karibu, kwa vipimo vya damu na uchunguzi wa ngozi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Na Tanzania ina chuo cha magonjwa ya ngozi kinachohudumia kanda nzima, kilichofunguliwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mwaka 1992. Kumwona mtaalamu wa ngozi kabla ya mpasuaji wa nywele ni akiba ya fedha na ya kisogo.

Wiki za kabla na siku yenyewe

Baada ya kukubaliana, hupimwa wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya B na C. Kuwa na virusi si lazima kumfungie mtu mlango; humwezesha daktari kujiandaa. Aspirini huzuia chembe za kugandisha damu, na chembe hizo huishi siku saba hata kumi, ndiyo maana daktari huweza kuagiza iachwe kwa muda kama huo. Lakini mgonjwa wa moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Pombe na tumbaku ziwekwe kando. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na kishada kilichong'olewa kinaitegemea mishipa hiyo kwa chakula. Akiamka na homa siku ya upasuaji, apimwe malaria, kazi iahirishwe.

Asubuhi aoge na kuosha kichwa, ale kifungua kinywa kama alivyoelekezwa, na avae shati la vifungo. Jambo dogo, lakini fulana ya kuvulia kichwani jioni hiyo huweza kung'oa kazi ya kutwa.

Ganzi huchomwa kichwani na mtu hubaki macho. Mwanafunzi wa kemia aangalie kiasi chake: kipimo cha juu cha lidokeini iliyochanganywa na adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 hapaswi kuzidi miligramu 420, ambazo katika maji ya asilimia moja ni mililita 42. Ikizidi, hudhuru ubongo na moyo. Kwa sababu hiyo uzito wa mgonjwa lazima upimwe kwa mizani, usikisiwe; na anayetumia vidonge vya shinikizo la damu avitaje, kwani baadhi yake havipatani na adrenalini.

Vishada huchukuliwa kwa njia mbili. Ama hukatwa ukanda mwembamba wa ngozi ya kisogo na kugawanywa chini ya hadubini, kidonda kikishonwa na kuacha kovu la mstari. Ama hutolewa kimoja kimoja kwa kichomeo cha duara chenye upana wa milimita moja hivi, na kuacha nukta nyingi ndogo. Hapa nywele zetu humtesa fundi asiyezizoea. Unywele wa Mwafrika haujikunji nje tu, hata ndani ya ngozi umepinda kama upinde. Kichomeo kinachoshuka wima huukata mzizi katikati, na kilichotoka hakifai tena kupandwa. Kwa hiyo daktari mwenye uzoefu hujaribu kwanza vishada vichache, akavitazama kwa hadubini, na kwa mwenye shaka ya keloidi huacha majaribio hayo yapone kwa miezi kadhaa kabla ya kuendelea. Mgonjwa asione kwamba anacheleweshwa.

Kisha huja siku ambazo mtu wa kazi ngumu hana budi kuzipangia mapema. Usiku wa kwanza hulala ameinua kichwa kwa mito. Siku ya tatu au ya nne paji la uso linaweza kuvimba, na uvimbe ukashuka hata kwenye macho, huondoka wenyewe. Vishada hushika sawasawa baada ya siku kumi hivi. Katika muda huo hakuna kofia ngumu, hakuna ndoo, hakuna helmeti, na kwa hiyo hakuna kupanda bodaboda, wala kushuka shimoni penye vumbi na jasho. Anayelipwa kwa kila kiroba cha mawe anachotoa aweke wiki hizo katika hesabu ya gharama pamoja na nauli. Usaha, homa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni sababu ya kurudi hospitali siku ile ile.

Kati ya wiki ya pili na ya sita nywele zilizohamishwa huanguka. Wengi hushtuka hapa na kudhani wameibiwa. Ni ile zamu ya mapumziko tuliyoitaja mwanzo. Unywele umedondoka, kifuko kimebaki. Katika mwezi wa tatu au wa nne nyuzi nyembamba huanza kuchomoza. Mwezi wa kumi na mbili ndipo daktari huchukua picha ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza, na kijana wetu akajua alichopata.